Kupata redio halisi ya Delco kwa Camaro ya 1969

Delco ilikuwa chapa ya redio za General Motors, kampuni iliyotengeneza gari la Chevrolet Camaro. Anza na namba ya modeli kwenye bati la redio, uilinganishe na katalogi ya vipuri ya Chevrolet ya 1969. Sura pekee hudanganya. Ukiona pembetatu ndogo kwenye namba 640 na 1240 za kipimo cha masafa ya AM, iache: ni alama za stesheni za tahadhari za Marekani (CONELRAD) zilizokoma 1963, hivyo redio hiyo ni ya zamani mno.

Kabla ya kulipa, ijaribu kwa betri ya volti 12, waya hasi kwenye bodi ya chuma ya redio, fyuzi ikiwepo. Unganisha spika ya omu 10 kwanza! Bila spika, au ukiweka ya omu 4, transista ya kutolea sauti huweza kuungua, na hilo ndilo kosa linaloua redio nzuri nyingi. Ikinguruma tu, shuku kapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) zilizokauka, hizo hubadilishika.