Namna ya Kutumia Paklitakseli katika Majaribio ya Seli Maabarani

Paklitakseli ni dawa ya saratani iliyopatikana kwanza kwenye gome la Taxus brevifolia, mti wa misitu ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Gome lilikusanywa mwaka 1962 katika jimbo la Washington, na mwaka 1971 wanakemia Monroe Wall, Mansukh Wani na wenzao wakatangaza muundo wa molekuli yake. Hata hivyo, wanabiolojia wa seli walianza kuitafuta kwa hamu baada ya mwaka 1979, pale mtafiti Susan Horwitz na wenzake walipoonyesha kwamba haizuii ujenzi wa mirija midogo ya seli kama zinavyofanya dawa nyingine, kolkisini na vinblastini, bali huikaza isibomoke. Kwa kuwa seli inayogawanyika hulazimika kuijenga na kuibomoa mirija hiyo bila kukoma ili kuzipanga kromosomu zake, dawa hii humpa mtafiti njia ya kuusimamisha au kuuvuruga mgawanyiko na kuuchunguza.

Kabla ya yote, vaa glovu na koti la maabara, na unga wake usiupime mezani mahali penye upepo, kwani ni sumu kwa seli zako pia. Ni heri kununua kichupa kilichokwisha kupimwa na kuyeyusha dawa humo humo. Maji hayaiyeyushi vya kutosha. Tumia DMSO kavu, yaani kiyeyushi cha dimethili salfoksaidi kisicho na maji. Uzito wa moli yake ni gramu 853.9, kwa hiyo miligramu 8.54 katika mililita 1 hutoa myeyusho wa milimola 10 kwa lita. Ugawe katika vichupa vidogo na uvihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mbali na mwanga. Kichupa kikitoka kwenye friza, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, kwa sababu DMSO hunyonya unyevu wa hewa.

Tuseme unataka nanomola 10 kwa lita kwenye seli za HeLa, aina ya seli za saratani zinazokuzwa sana maabarani. Zimua kwanza myeyusho wako mara 1,000 kwa DMSO, ili upate mikromola 10. Kisha tia mikrolita 1 ya huo katika kila mililita ya chakula cha seli chenye uvuguvugu, huku ukikichanganya. DMSO itabaki asilimia 0.1, na sahani ya ulinganisho ni lazima ipate kiasi hicho hicho cha DMSO bila dawa. Sahani isiyotiwa kitu chochote haitoshi kuwa ulinganisho.

Katika jaribio la neli, ambako tubulini safi, protini inayojenga mirija hiyo, huunganishwa kwa nyuzi 37 pamoja na GTP, molekuli inayoipa nishati, ongeza dawa kidogo kidogo kwa hatua. Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wawe waangalifu kuliko popote: dawa ikimiminwa kwa pupa, au ikizidi kiasi, hujitenga na maji na kufanya fuwele nyembamba kama sindano, zenye kutawanyika kutoka kitovu kimoja. Tubulini iliyotiwa rangi hung'ang'ania fuwele hizo, nazo chini ya darubini ya mng'ao hufanana mno na mirija halisi. Andaa neli yenye dawa na bafa (maji ya chumvi yanayodhibiti asidi) pekee, bila tubulini, uitazame kwa mwanga wa kawaida. Ukiziona sindano zile zile humo, picha zako nzuri ni za dawa yenyewe.

Kiwango nacho hubadilisha swali unalouliza. Kwa kiwango kikubwa, seli nyingi hukwama kwa saa nyingi katika mgawanyiko, zikawa duara na kulegea kwenye sahani. Kwa nanomola chache, nyingi huendelea kugawanyika, ila kwa ncha tatu au zaidi badala ya mbili za kawaida, zikizigawa kromosomu ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa wa saratani ya matiti ulionyesha kwamba hali hii ya pili ndiyo inayofanana na yale yanayotokea ndani ya uvimbe. Kwa hiyo mwenye kutafuta jawabu la tiba asikimbilie kiwango kikubwa kwa sababu tu matokeo yake huonekana upesi. Pima viwango kadhaa kwa kila aina ya seli, ukikumbuka kwamba zilizo na protini nyingi ya P-glaikoprotini huisukuma dawa nje na kuonekana sugu.

Vichupa, ncha za pipeti na chakula cha seli kilichotumika vyote viingie kwenye chombo cha taka za dawa za saratani, vikateketezwe kwa moto mkali. Visimwagwe kwenye sinki.