Mambo ya kuzingatia kabla ya kubeba begi kwenda Kusini-Mashariki mwa Asia

Safari ya kujipangia mwenyewe ya Bangkok, Siem Reap, Hanoi na Bali inaweza kuvunjika hata kabla hujaondoka, kwenye kaunta ya ndege Dar es Salaam au Nairobi, mfanyakazi akigeuza karatasi zako moja baada ya nyingine. Kwa hiyo anza na karatasi. Begi utalipanga usiku wa mwisho.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele, ukihesabu kuanzia siku utakayoingia nchi ya mwisho, si ya kwanza. Kurasa tupu ziwepo za kutosha. Uwe na tiketi ya kutoka kila nchi unayoingia, hata ya basi la kuvuka mpaka kama wanaikubali, kwa sababu shirika la ndege likikupeleka ukakataliwa, ndilo linalobeba jukumu la kukurudisha.

Viza usinakili mpango wa rafiki mwenye pasipoti ya Uingereza. Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote tangu Agosti 2023: hadi siku 90, dola 25 kuingia mara moja, dola 50 kuingia mara nyingi. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, la kati likiwemo, na chagua vizuri mlango utakaoingilia kwa sababu unaandikwa kwenye viza. Thailand inataka fomu ya kidijitali ya kuingia nchini iitwayo TDAC tangu tarehe 1 Mei 2025, na Malaysia ina yake, MDAC. Zote zinajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na zote ni bure. Tovuti inayokudai hela ya fomu hizo ni ya vishoka, ifunge.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayowaumiza watu wetu. Thailand inaidai kwa wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Malaysia na Singapore nazo zinaidai kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha zao, na Singapore inaweza kumweka karantini hadi siku sita asiye nayo. Wengi wanalijua hilo. Wasichokijua ni kwamba kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, si siku ile ile.

Chukua msafiri mwenye tiketi ya Ijumaa. Jumatatu anasikia habari za kadi, anakimbilia kituo, anachomwa, anapewa kadi yenye muhuri na kuona kazi imekwisha. Ijumaa wanasoma tarehe kaunta: siku nne tu. Hapandi. Tiketi ya bei ya chini hairudishwi fedha, chumba alicholipia kinakaa kitupu, na viza yenye tarehe maalumu inaendelea kujila yenyewe. Mwingine anatafuta mtu wa kumwandikia tarehe ya nyuma. Huyo sasa anasafiri na hati ya kughushi, na kinga hana. Wa tatu kadi yake ni halali kabisa, ila ameiweka kwenye begi kubwa lililoingia tumboni mwa ndege. Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, anapanga foleni ndefu ya uhamiaji, anafika dirishani, anarudishwa dawati la ukaguzi wa afya ambalo alilipita bila kulitazama, na begi lenye kadi liko upande wa pili wa uhamiaji.

Utaratibu sahihi pale ni huu: ukishuka, tafuta kwanza dawati la afya, onyesha kadi halisi pamoja na pasipoti, ugongewe muhuri, ndipo uende uhamiaji. Picha kwenye simu ni akiba tu. Chomwa kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, mwezi mzima kabla, na kabla ya kuondoka kituoni hakikisha jina linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi, na kwamba tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi na muhuri vyote vipo. Kadi yako ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe: tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hizo ni za maisha. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai au aliyevuka miaka 60 aonane na daktari kwanza. Asiyeweza kuchanjwa hujaziwa sehemu ya msamaha kwenye kijitabu hicho hicho. Ndugu zetu wa Ulaya mnaopitia Mombasa au Zanzibar kabla ya kwenda Phuket, Thailand, nanyi mnahusika. Wanaangalia ulikotoka, si rangi ya pasipoti.

Jambo jingine la afya linahusu mazoea yetu. Sisi tukipata homa tunawaza malaria na kumeza dawa mseto. Katika miji ya kule, homa kali yenye maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo huenda ikawa dengi. Pima. Meza parasetamoli, usiguse aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ikishuka halafu tumbo likauma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikavuja damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kipindi cha hatari ndicho hicho. Ukiumwa na nyani au mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo.

Pesa: kadi ya mtandaoni ya simu haitoi noti kwenye ATM, kwa hiyo beba kadi mbili za plastiki za benki tofauti. ATM za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila ukitoa, basi toa nyingi mara moja, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya nyumbani, kataa. Laini yako ya nyumbani iwe imewashiwa matumizi ya nje, la sivyo namba za uthibitisho za benki hazitakufikia. Dola za Marekani utakazotumia Kambodia ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo inarudishwa.

Begi la lita 40 linatosha. Ndege nyingi za bei rahisi zinaruhusu kilo 7 tu mkononi. Plagi yetu ya pini tatu inaingia Malaysia na Singapore, kwingine beba adapta. Pawabenki huingia nawe ndani ya ndege, isizidi saa-wati (Wh) 100.

Misimu haifanani. Phuket na Krabi zinalowa Mei hadi Oktoba, lakini Koh Samui mvua yake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Hoi An, Vietnam, hufurika Oktoba na Novemba. Chiang Mai hufunikwa na moshi wa mashamba kuanzia Februari hadi Aprili. Siku ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, uwanja wa ndege wa Bali hufungwa saa 24.

Kwenye mahekalu funika mabega na magoti. Kanga au kikoi kinafaa kwa mengi, ila kujitanda mabegani hakukubaliki ghorofa ya juu ya hekalu la Angkor Wat, Kambodia. Vaa fulana yenye mikono. Tiketi ya Angkor ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu, na ya siku tatu inatumika ndani ya siku 10. Mtu akikuambia nje ya Kasri Kuu la Bangkok kwamba leo pamefungwa, endelea hadi getini ujionee.

Pikipiki ya kukodi: kama leseni yako haina daraja la pikipiki, bima inaweza kukataa kukulipia mguu uliovunjika. Pasipoti usiiache rehani, acha nakala na fedha. Piga picha kila mkwaruzo kabla ya kuondoka.

Miraa isiingie begini. Kathinoni iliyomo ni dawa haramu Singapore. Sigara za kielektroniki ni marufuku huko na Thailand pia. Mzigo wa mtu usibebe, hata wa jamaa, hata kama ni viatu tu. Mpaka wa Thailand na Kambodia ulifungwa mwaka 2025 kwa sababu ya mapigano, basi hakikisha hali kabla ya kununua tiketi ya basi. Na ukipewa ofa ya kazi ya kompyuta Bangkok, ukaambiwa gari litakufuata kiwanja cha ndege likupeleke Mae Sot, mji wa mpakani, usipande: ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar, na Wakenya walikuwamo kati ya maelfu waliotolewa kwenye kambi za utapeli za huko mwaka 2025. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako, nakala ya pasipoti na jina la kila unapolala.