Kuingiza bodaboda za umeme katika kaunti nzima: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Kilifi

Mwongozo huu ni wa afisa wa kaunti, kiongozi wa sacco, shirika au kampuni iliyopewa kazi ya kuwahamasisha waendesha bodaboda wahamie pikipiki za umeme. Tumechukua Kaunti ya Kilifi kwa sababu changamoto zote zimo: msongamano wa Mtwapa, lami ndefu hadi Malindi, milima ya upande wa Kaloleni, na Ganze ambako nguzo za stima ni chache.

Kanuni moja inatangulia zote: betri ifike kabla ya maneno. Mwanaboda akivutiwa leo kisha akaambiwa kituo cha kubadilishia betri kitafunguliwa mwezi ujao, humpati tena, na steji yake yote, pale wanaboda wanaposubiri abiria, itajua.

Hatua ya 1: Zijue steji

Kilifi ina kaunti ndogo 7 na wadi 35. Usijaribu kuzimaliza zote. Anza na wadi zilizo kando ya barabara kuu, steji tatu kila wadi, na uhoji watu kumi kila steji.

Usiulize "kwa kawaida unatumia mafuta kiasi gani?" Utapewa jibu la kukuridhisha. Uliza: "Jana umeweka mafuta ya shilingi ngapi, na mara ngapi?" Odometa za pikipiki nyingi zimekufa, kwa hiyo kilomita zitafute kwa mafuta: pikipiki ya cc 100 hadi 125 iliyochoka kidogo huenda kama kilomita 40 kwa lita.

Swali linalosahaulika ni hili: pikipiki ni ya nani? Kuna mwenye yake, kuna anayelipa mkopo, na kuna anayepeleka hesabu kila jioni kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki. Huyu wa tatu unaweza kumshawishi siku nzima, na bado uamuzi si wake. Chukua jina la tajiri, umfuate dukani kwake. Tajiri mmoja mwenye pikipiki tano ana uzito kuliko mkutano wa watu mia moja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya siku moja

Mazingira na hewa safi ni mambo ya kweli, lakini anayeamka saa kumi na moja alfajiri ananunua hesabu ya siku. Iandike kwa kalamu nene kwenye karatasi ya ukutani, kwa bei za wiki hiyo. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo karatasi ya mwezi jana haifai.

Mfano. Mtu anakwenda kilomita 120 kwa siku, yaani lita 3. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni 540. Kwa umeme, betri moja ikimpeleka kilomita 60 za kweli, ataibadilisha kituoni mara mbili, akiacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Kila badilisho likiwa shilingi 170, ni 340. Amebakiza 200. Ongeza oili ya injini asiyoinunua tena, kama shilingi 40 ukiigawa kwa siku. Sasa ondoa: kama mkopo wa pikipiki ya umeme unazidi ule wa petroli kwa shilingi 100 kwa siku, kinachobaki mfukoni ni 140. Hiyo 140 ndiyo uitangaze, si 200.

Kosa kubwa hapa ni kulinganisha petroli na umeme wa nyumbani, huku mtu mwenyewe atakuwa akibadilisha betri kituoni. Kilomita 120 hula kama uniti 5 (kilowati-saa) ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, na kwa shilingi 30 kwa uniti ni 150 tu. Tarakimu hiyo ni tamu, lakini ni ya mwenye betri yake na soketi yake. Ukiitumia kwa mteja wa kituo, wiki ya pili atakuita mwongo, na atakuwa na haki.

Hatua ya 3: Weka kituo, na usikijaze kupita uwezo

Kabati la kuchajia betri lenye nafasi 8, kila nafasi ikichaji kwa kilowati 1, linavuta kilowati 8. Kwa volti 240 hiyo ni takriban ampea 33. Weka mita yake peke yake, waya wa shaba wa milimita 10 za mraba usiozidi mita 50 kutoka kwenye mita, saketi breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30, na waya wa athi uliopimwa. Kuunganisha kabati kwenye waya wa duka la soda jirani ndiko kunakounguza soketi na kuzima mtaa mzima saa moja jioni.

Betri ya uniti 3 hukaa kama saa tatu kwenye chaja. Kwa siku ya saa 15, nafasi 8 zinatoa betri 40, yaani watu 20 wanaobadilisha mara mbili. Karatasi inasema 20, lakini andikisha 14 tu kwa kuanzia, kwa sababu hawaji kwa zamu: wanakuja pamoja saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Mtu aliyesubiri betri nusu saa huku abiria wake wakichukuliwa na wengine hatawahi kuisifu pikipiki hiyo stejini.

Uliza pia Kenya Power kuhusu bei maalumu ya usafiri wa umeme. Katika ratiba ya Aprili 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa za mahitaji madogo, kabla ya kodi na tozo. Katikati ya wiki saa hizo ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo betri zote zilale kwenye chaja.

Mahali bora ni petroli stesheni. Pana taa, mlinzi, choo na wanaboda tayari. Wenye stesheni wengi huona wanakaribisha mshindani. Waonyeshe kodi ya nafasi na mauzo ya duka lao, watasikiliza.

Hatua ya 4: Tafuta washirika kwa kazi, si kwa nembo

Bango lenye nembo kumi halichaji betri. Kila mshirika apewe kazi moja iliyoandikwa: sacco itoe mkopo, ofisi ya kaunti itoe kibali cha kabati, chuo cha ufundi kifunze mafundi, redio ya Pwani itoe nusu saa ya maswali ya wasikilizaji kila wiki.

Mafundi wa mtaani waingize mwanzoni kabisa. Fundi aliyeachwa nje atamwambia kila mteja kwamba "hizo ni za kutupa", na mteja atamwamini yeye kuliko wewe. Breki, tairi, bearingi na shoku bado ni kazi yake. Mfundishe na viunganishi vya betri. Pwani hewa ina chumvi: chomoa plagi iliyokaa miezi mitatu karibu na bahari, utaona unga wa kijani kwenye vipini vya shaba. Unafutwa kwa kitambaa kikavu na dawa ya kusafishia viunganishi, kisha grisi ya umeme kidogo. Plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka kipini ni habari nyingine: kipini kimelegea, kimepata joto, kibadilishwe siku hiyo hiyo. Betri yenyewe fundi asiifungue kamwe.

Hatua ya 5: Siku ya majaribio

Ifanye kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, watoto wakiwa wameshafika shuleni. Ijumaa iepuke. Pikipiki nne, kofia kwa kila mpanda, bima inayowahusu wanaojaribu, na fundi mmoja. Mzunguko uwe wa kilomita 6 wenye mlima ambao kila mtu wa steji hiyo anaujua, na abiria awe mmoja wao. Pikipiki moja ipakie gunia la kilo 90. Uwanja wa mpira tambarare haumshawishi mtu wa Kaloleni.

Moja ya hizo nne iendeshwe kutoka asilimia 100 hadi 20 mbele ya mashahidi, na kilomita ziandikwe ubaoni. Kama kijitabu cha kampuni kinasema 90 na ubao unasema 64, tangaza 64.

Utaulizwa kuhusu mvua. Jibu kwamba mvua haina shida, lakini mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye plagi wala chini ya kiti, kwa sababu presha hiyo hupenyeza maji pale mvua isipofika. Wengi huosha pikipiki kila siku, na uharibifu mwingi huanzia hapo.

Hatua ya 6: Mabalozi na mkataba

Chagua mabalozi watatu kila steji, wapande pikipiki ya umeme kwa siku 90. Mwenyekiti asiwe wa pekee. Wenyeviti wengi hawapandi sana. Chukua kijana anayekimbia kutwa, mtu mzima anayeheshimiwa, na mwanamke kama steji inaye. Kila mmoja aandike kwenye daftari kilomita, mabadilisho, pesa, na muda aliosimama bila kazi. Daftari hilo lisomwe stejini na mwenyewe.

Mkataba uwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti. Mambo manne lazima yatamkwe: betri ni yake au ya kukodi, logibuku iko kwa jina la nani, pikipiki inaweza kuzimwa kwa mbali akichelewa kulipa, na siku za ugonjwa zinahesabiwaje. Weka nafuu ya malipo kwa masika, Aprili na Mei, abiria wanapopungua.

Hatua ya 7: Panua kwa kufuata barabara

Kutoka Mtwapa hadi mji wa Kilifi ni zaidi ya kilomita 40, na kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama 60. Betri ya kilomita 60 haitoshi kwa moyo mtulivu, kwa hiyo weka kabati Vipingo na Gede kabla ya kuandikisha mtu wa safari ndefu. Mariakani na Kaloleni zifuate. Ganze na ndani ya Magarini usipeleke makabati kwanza. Huko watafute wenye stima au sola nyumbani, wamiliki betri zao na kuchaji usiku.

Kila Jumatatu andika namba tatu kwa kila kituo: betri zilizobadilishwa wiki hiyo, siku ambazo pikipiki zililala kwa ubovu, na walioandikishwa siku 90 zilizopita ambao bado wanapanda. Waliohudhuria mikutano usiwahesabu. Kituo ambacho namba ya tatu imeshuka chini ya wanane kwa kumi, simamisha uandikishaji hapo, nenda ukakae na walioacha, ulize jana yao ilikuwaje.