Oili kwenye mashimo ya plagi: tafuta sili, si koili

Ukichomoa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya Toyota IST au Vitz ukakuta mpira wake umelowa oili, na ukimulika tochi ndani ya shimo plagi haionekani kwa sababu imezama, usikimbilie kununua koili mpya. Koili hapo imeonewa tu. Kinachovuja ni sili ya mpira iliyo juu ya shimo, na isipobadilishwa, kila koili utakayoweka italowa kama ile ya kwanza.

Juu kabisa ya injini kuna kifuniko ambacho mafundi wanakiita tapeti kava. Chini yake kamshafti zinazunguka na oili inarushwa muda wote. Plagi ziko katikati ya eneo hilohilo, ila kila moja imezungushiwa bomba la chuma linalotoka kwenye silinda hedi hadi kwenye kava ili ikae pakavu. Bomba linapokutana na kava kuna pete ya mpira: ndiyo sili ya plagi. Pembezoni mwa kava kuna mpira mwingine mrefu unaozunguka kote, gasketi ya tapeti kava. Vyote vina umri mmoja na vimepigwa na joto lilelile, kwa hiyo vibadilishe pamoja. Ukibadili kimoja na kuacha kingine, utaifungua injini mara mbili.

Mpira mpya ukiubonyeza kwa kucha unabonyea na kurudi. Ukishapikwa na joto kwa miaka unakuwa mgumu kama plastiki, na ukiukunja unakatika. Magari mengi ya Dar yaliingia nchini yakiwa tayari na miaka mingi tangu yatoke kiwandani, na hapa yanakaa kwenye foleni ya barabara ya Mandela au ya Morogoro, boneti imefungwa, upepo hakuna. Sili ikivuja katika hali hiyo usishangae.

Hakikisha kwanza ni sili

Gari litaanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, hasa ukikanyaga ekseleta kwenye mzigo au ukiwasha asubuhi. Taa ya injini itawaka, na kipimo cha kompyuta kitaonyesha kodi (namba ya hitilafu) kati ya P0300 na P0304. P0300 ni misi isiyoshika silinda moja. Kuanzia P0301, tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Taa ikipepesa badala ya kuwaka tu, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti ya ekzosi na kuiunguza, na hicho ni kifaa ghali kuliko koili zote nne.

Chomoa koili moja moja uzitazame. Oili ikiwa imeshika mpira wa koili, kaure nyeupe ya plagi na sehemu ya kufungia spana, imetoka juu, yaani kwenye sili. Ikiwa huko juu ni pakavu lakini ncha ya plagi inayoingia ndani ya silinda ina masizi yenye mafuta, tatizo ni ringi za pistoni au sili za valvu, na kazi ya hapa haitakusaidia. Ukikuta maji au kutu, injini imeoshwa kwa presha na maji yakaingia mashimoni. Kausha, funga, na mwambie muosha magari asipige presha pale juu.

Itazame plagi yenyewe kwa karibu. Kwenye kaure, karibu na juu, unaweza kuona mstari mwembamba mweusi ulioshuka wima kama umechorwa kwa penseli. Huo ndio mkondo wa umeme. Oili imelainisha mpira wa koili, cheche ikapata njia fupi ya kurukia chuma cha plagi kwa nje badala ya kushuka hadi kwenye ncha. Plagi yenye mstari huo haisafishiki, itupe. Na mpira wa koili wa silinda hiyo uangalie ndani: mara nyingi una mstari kama huo.

Vya kununua

Nenda Kariakoo, Gerezani au Ilala ukiwa na namba ya chesisi na kodi ya injini. IST, kwa mfano, ilitoka na 2NZ-FE ya cc 1298 na 1NZ-FE ya cc 1497. Gari likiwa limeshafunguliwa, beba na gasketi ya zamani uilinganishe pale dukani, umbo kwa umbo, shimo kwa shimo.

Uliza "gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za plagi". Baadhi ya seti zina gasketi peke yake, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama siku ya kazi. Kwenye injini nyingine sili zimeungana na gasketi; kwenye nyingine ni pete nne za kununua peke yake; na kwenye baadhi, kama VQ35 ya Nissan, sili zimeshikana na kava lenyewe, hivyo unanunua kava zima. Subaru za injini ya kulala zina plagi pembeni, kava mbili, na nafasi finyu kiasi kwamba kazi ni ndefu zaidi.

Kunja gasketi kidogo kabla ya kulipa. Ikibaki na alama ya mkunjo au ikitoa unga mkononi, iache hapohapo.

Vingine: plagi nne, tyubu moja ndogo ya silikoni ya gasketi isiyoharibiwa na oili, kopo la breki klina, na grisi ya silikoni ya umeme ikipatikana. Plagi za Denso na NGK ambazo namba yake inaishia na 11 zina nafasi ya milimita 1.1 kati ya ncha. Usizigonge kuirekebisha kama ni za iridiamu. Vifaa ni soketi namba 10 yenye racheti ya robo inchi, soketi ya plagi ya milimita 16, ekstensheni ndefu, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kubana) kama una mtu wa kumwazima. Pitia duka la dawa uchukue bomba la sindano la ml 20 na kipande cha mpira wa dripu.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Toa waya hasi wa betri. Toa kifuniko cha plastiki cha juu, kisha soketi za umeme za koili. Plastiki yake imekauka kwa joto na kile kibanio kinakatika kirahisi, kwa hiyo bonyeza kwa kidole gumba, sukuma kidogo mbele ili kilegee, halafu ndiyo uvute, ukishika plastiki na si nyaya. Fungua boliti ya kila koili, izungushe kushoto na kulia kidogo, ivute moja kwa moja juu. Andika 1 hadi 4 kwa kalamu ya rangi.

Usifungue plagi sasa. Shimo limejaa oili, na oili hiyo ina mchanga na vumbi vilivyoanguka humo kwa miaka. Plagi ikilegea tu, vyote vinashuka kwenye silinda. Vaa mpira wa dripu kwenye bomba la sindano, ushushe hadi chini, nyonya. Ukimaliza, zungushia bisibisi ndefu kitambaa cha pamba, futa kuta za shimo mpaka kitambaa kitoke kikavu, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Vaa miwani, upepo ule unairusha oili moja kwa moja usoni. Hata baada ya hapo, plagi za zamani ziache mahali pake. Ndizo kizibo cha silinda wakati unafanya kazi juu.

Ondoa hozi za hewa zinazoingia kwenye kava na nyaya zilizobanwa juu yake. Legeza boliti kuanzia za pembeni kuja katikati, kila moja nusu duru kwa zamu, mpaka zote zilegee. Kava likigoma, ligonge pembeni kwa kipini cha mbao. Usichomeke bisibisi kati ya kava na hedi: mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu unakuwa njia ya oili ambayo gasketi mpya haitaiziba. Likinyanyuka, funika sehemu iliyo wazi kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi. Nati ikidondokea upande wa cheni utaitafuta hadi usiku.

Kubadili sili

Ng'oa gasketi ya zamani kwenye mfereji wake. Itakatika vipande, hesabu kama mzunguko wote umetoka. Sili za pete zimeshindiliwa ndani ya kava, na kwenye baadhi ya Toyota kuna vimeno vidogo vya bati vinavyozishikilia. Vinyanyue taratibu kwa bisibisi bapa, kiasi cha kupitisha sili tu, kwani ukivikunja mara mbili tatu vinakatika. Kabla ya kutoa sili ya kwanza, pima imezama kiasi gani na upande gani mdomo wake umeelekea, kisha piga picha kwa simu.

Safisha kava na mfereji kwa breki klina, acha vikauke. Usioshe mipira mipya kwa petroli, inavimba. Sili mpya ishindilie kwa soketi kubwa yenye kipenyo sawa na ukingo wa nje wa sili, ukigonga polepole mpaka ifike kina kilekile, iwe sawa pande zote. Pakaza tone la oili safi kwenye mdomo wake. Gasketi ya pembeni inaingia kavu kwenye mfereji wake, bila gundi.

Silikoni ina mahali pake, na ni padogo. Kwenye injini za cheni kama 1NZ-FE, ni pale mbele ambapo kava la cheni linaungana na silinda hedi, sehemu mbili, tone kama punje ya mahindi kila upande. Futa silikoni ya zamani kwanza. Ukiizungushia kote kama wengi wanavyofanya, inayobanwa kuingia ndani inakatika vipande, inashuka na oili hadi kwenye chujio la pampu na kuziba. Kupaka silikoni kwenye sili ngumu ili isukume wiki mbili ni kibaya zaidi, maana anayefuata atatumia saa nzima kukwangua.

Wakati kava liko mezani, kagua valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke wa injini kuupeleka kwenye manifoldi ya hewa. Itikise: ikilia ni dalili nzuri, ikinyamaza imeganda kwa uchafu. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kwenye kila mpira. Sili mpya juu ya PCV iliyoziba haichukui muda kuanza kuvuja.

Kufunga

Ukishapaka silikoni, rudisha kava ndani ya dakika 3. Lishushe wima, mabomba yote manne yaingie kwenye sili kwa pamoja. Mulika ndani ya kila shimo: mdomo wa sili ukiwa umekunjwa, nyanyua uanze tena. Boliti zibane kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, hadi newton mita 10 hivi. Hazihitaji nguvu. Ni boliti za milimita 6 kwenye aluminiamu. Zinakatika au kuchubua nyuzi, na kubana kupita kiasi kunalikunja kava na kulifanya livuje katikati ya boliti mbili. Kama huna spana ya toki, shika racheti ndogo karibu na kichwa chake na tumia vidole tu.

Sasa ndiyo utoe plagi za zamani, ukishapuliza mashimo tena. Mpya ianze kwa mkono, ukizungusha ekstensheni bila mpini, ili isiingie mshazari. Ikigusa chini, bana hadi newton mita 18 kwa 1NZ-FE, au karibu nusu duru kwa plagi mpya yenye washa (pete ya chuma).

Mipira ya koili ifute kwa kitambaa kikavu. Iliyovimba, iliyolainika au yenye ufa, badilisha. Kwa baadhi ya koili mpira unauzwa peke yake. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira, rudisha koili kwa namba zake, bana boliti zake kwa wepesi, rudisha hozi, unganisha betri.

Acha silikoni ishike kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha. Pima oili kwa stiki pia. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na galoni ya lita 4 ikimiminwa yote inazidi.

Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa ekseleta, pitisha kitambaa cheupe pembezoni mwa kava. Harufu ya kuungua dakika za kwanza hutoka kwenye oili ya zamani iliyomwagikia ekzosi. Baada ya siku tatu nne za kuendesha, chomoa koili zote uangalie tena.

Shimo moja likilowa wakati mengine ni makavu, kwanza shuku sili iliyokunjwa. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke ukisukuma kwa nguvu na mapigo, na PCV ni nzima, ringi zimechoka na presha hiyo itashinda sili yoyote. Ikiwa sili ya juu imekaa vizuri na oili bado inaanza kukusanyika chini kabisa kuzunguka plagi, inapita pale bomba linapoingia kwenye hedi. Hapo huzibwa kwa gundi maalumu au kwa pete ya mpira, kutegemea injini, na bomba lenyewe linabidi litolewe. Usilitoe kwa kulibana na praya ukitegemea kulirudisha. Likibonyea sili haitashika tena, kwa hiyo uwe na bomba jipya mkononi kabla ya kuanza.