Mvua ikikukuta zege bado bichi

Zege lililoshika halina ugomvi na mvua, tena linaipenda. Ugomvi uko kwenye saa chache za mwanzo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji, uwiano wa maji kwa saruji ni 0.5, ukiongeza lita 5 tu unafika 0.6, na nguvu inashuka. Sasa piga hesabu: mvua ya milimita 5 kwenye sakafu ya mita 4 kwa 3 ni lita 60. Ukizikorogea humo na mwiko, tabaka la juu litageuka vumbi.

1. Kabla ya kuchanganya. Weka karibu nailoni inayofunika eneo lote na kuzidi nusu mita kila upande, matofali ya kuikandamiza, mpira mrefu wa maji, na ubao wa kuzibia mwisho wa zege. Funika mchanga pia. Mchanga uliolowa umeshabeba maji, kwa hiyo punguza yale ya kwenye mchanganyiko.

2. Mvua ikishuka, simamisha kumwaga. Kata zege wima kwa ule ubao. Likiachwa limetelemka kama mteremko, ncha yake nyembamba itamomonyoka. Ukirudi zege likiwa limeshika, kwaruza ukingo kwa brashi ya waya, lowesha, paka rojo la saruji, ndipo uendelee.

3. Funika. Nailoni ikae juu ya vigingi au fremu, isiguse uso. Muda usiporuhusu, itandaze hivyo hivyo: alama za mikunjo zinasawazishika, lakini saruji iliyooshwa na matone hairudi.

4. Mvua ikikatika, mwiko ukae kando kwanza. Watu wawili washike mpira wa maji huku na huku, wauburute taratibu juu ya uso. Maji yatasukumwa hadi ukingoni bila kuchimba zege. Kisha jaribu kwa kiatu. Ukizama sana, subiri. Alama ikiwa ya milimita 5 hivi na hakuna maji yanayong'aa juu, anza na floti ya mbao (kibao chenye mpini cha kusawazishia uso). Mwiko wa chuma uje mwisho kabisa.

Hapa ndipo mafundi wengi hunyunyiza saruji kavu ili "ikaushe" maji. Usifanye hivyo. Unatengeneza ganda jembamba lenye saruji nyingi kuliko zege la chini yake; linasinyaa kivyake, linapasuka, na baadaye linabanduka vipande.

Kama uso umeshashika ukiwa na vishimo vya matone, uache. Zege likikomaa, likwaruze kwa msumari. Ukitoa mkwaruzo mwembamba tu, umepata hasara ya sura, si ya nguvu. Likitoka unga, saga tabaka hilo mpaka ufike kwenye zege gumu, kisha sakafia upya.

Upepo na jua kali huharibu kimyakimya, maana hakuna anayekimbilia nailoni. Uso hukauka haraka kuliko maji yanavyopanda kutoka chini, na nyufa fupi hujitokeza hata kabla zege halijashika. Lowesha udongo kabla ya kumwaga, bila kuacha madimbwi. Weka kizuizi upande wa upepo, na funika kwa nailoni kati ya kusawazisha na kupiga floti. Ufa ukitokea zege likiwa bado laini, ugandamize kwa floti mpaka ujifunge. Kuupaka rojo juu ni kuuficha tu. Ukimaliza mwiko, usingoje kesho: mara uso ukiweza kuvumilia maji bila kuchubuka, anza kumwagilia, na uuweke na unyevu siku 7.

Baridi inachelewesha kushika. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi kazi inakokota sana, na zege changa likiganda barafu linaharibika moja kwa moja. Usimwage juu ya udongo ulioganda. Funika kwa blanketi nene au nyasi kavu juu ya nailoni, na usiharakishe mwiko kwa kuangalia saa. Angalia alama ya kiatu.