Somo: Faili la shule ya kibinafsi kabla ya kwenda kuomba pesa za serikali

Ninaandika somo hili ili nisilirudie tena kwa simu. Tangu mwaka wa 2020 hakuna muhula unaopita bila mwenye shule kuniuliza iwapo ile shilingi bilioni 7 ambayo serikali ilizitangazia shule za kibinafsi wakati wa Korona bado ipo, na iwapo bado ipo, inaombwa katika ofisi gani. Mimi ni mhasibu wa shule ndogo ya kibinafsi hapa Nakuru, upande wa Kaptembwa, wala si afisa wa serikali. Ninayoyajua nimeyajua kwa kupanga foleni na kurudishwa nyumbani.

Kwanza tuelewane juu ya pesa zenyewe, kwa sababu wengi wanazizungumzia kama sadaka. Shule zilifungwa kwa tangazo la Jumapili, Machi 15, 2020. Mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa mwezi wa Mei mwaka huo ulikuwa wa shilingi bilioni 53.7, na katika hizo fungu la elimu lilikuwa bilioni 6.5, lililokusudiwa kuajiri walimu 10,000, kuajiri wanagenzi 1,000 wa teknolojia na kutengeneza madawati 250,000. Sisi wa shule za kibinafsi, ambao karo ilikuwa imekatika siku moja na mishahara ikabaki mezani, hatukuwa na chetu humo. Baadaye mwaka huo huo marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza bilioni 7 kwa ajili ya shule za kibinafsi, na zilitangazwa kuwa mkopo wa masharti nafuu. Disemba 2020 Hazina Kuu nayo ilizindua Mpango wa Dhamana ya Mikopo kwa biashara ndogo na za wastani, ukiwa na mtaji wa kuanzia wa shilingi bilioni 3 na benki 7. Katika mpango wa namna hiyo serikali haikukopeshi wewe. Inaiahidi benki kwamba itabeba sehemu ya hasara ukishindwa kulipa, na benki inabaki kuwa ndiyo inayoamua.

Ndiyo maana sifundishi jinsi ya kujaza fomu fulani. Fomu hubadilika, mawaziri hubadilika, lakini kila mlango niliougonga uliitisha karatasi zile zile.

Hatua ya 1. Cheti cha usajili wa shule chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kama huna, ishia hapa na uende kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Hatua ya 2. Nambari ya shule katika mfumo wa wizara wa taarifa za elimu (uliojulikana kama NEMIS), na hesabu ya wanafunzi iliyomo humo ilingane na watoto walioko madarasani.

Hatua ya 3. Orodha ya walimu pamoja na nambari zao za usajili za TSC, Tume ya Kuajiri Walimu.

Hatua ya 4. Kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huu na ripoti ya afisa wa afya ya umma.

Hatua ya 5. Majina. Tandaza karatasi zote mezani na usome jina la shule katika kila moja, herufi kwa herufi. Nimeona faili ambalo cheti cha usajili kilisema ni akademia, akaunti ya benki ikasema ni kituo cha watoto, na kibali cha kaunti kikabeba jina la mume wa mwenye shule. Wao wenyewe walijua kwamba zote tatu ni shule moja, na majirani walijua, lakini afisa wa mikopo aliona watu watatu wasiojuana. Chagua jina lililo kwenye cheti cha usajili kuwa ndilo la msingi, kisha uyarekebishe mengine yalifuate. Usifanye kinyume, kwa kuwa kubadilisha jina benki ni rahisi kuliko kubadilisha jina wizarani.

Hatua ya 6. Cheti cha ulipaji ushuru kutoka KRA, yaani Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Hapa ndipo nilipoanguka, na ninaomba msome polepole. Shule zilipofungwa hatukulipa mtu yeyote mshahara kuanzia Aprili hadi Disemba 2020. Nikajiambia kwamba pasipo mshahara hapana ushuru wa mshahara, na pasipo ushuru hapana haja ya kuwasilisha marejesho, yaani ile taarifa ya ushuru inayopelekwa KRA. Sehemu ya kwanza ya wazo hilo ilikuwa sahihi, ya pili ikatugharimu. Maadamu shule imesajiliwa kwa PAYE, yaani huo ushuru wa mshahara, marejesho huwasilishwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hata yakiwa ya sufuri. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 25 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye sufuri hutozwa 10,000. Miezi 9 ikawa shilingi 90,000, kwa shule ambayo haikuwa imeingiza hata karo ya mtoto mmoja. Nililigundua jambo hili mwanzoni mwa 2021, tulipokuwa tumefungua Januari 4 na tayari tumepeleka ombi la mkopo katika benki moja mjini. Benki iliitisha cheti, nikaingia iTax, mtandao wa KRA, nikiwa na imani yote, nikakataliwa. Tulipomaliza kulipa kwa mafungu na kupata cheti, ombi letu lilikuwa limefungwa, na walimu wawili wazuri walikuwa wamekwisha kwenda shule nyingine.

Maonyo juu ya hatua hii. Usisubiri siku ya kuomba mkopo ndipo uangalie. Cheti hudumu miezi 12, kwa hiyo kiombe kila mwaka hata kama huna haja nacho. Usidhani kwamba kwa kuwa walimu wako wote wanalipwa mshahara usiofikia kiwango cha kutozwa ushuru basi huna la kuwasilisha, kwa maana kutodaiwa ushuru na kutowasilisha marejesho ni mambo mawili. Usimtegemee kijana wa duka la mtandao la mtaani aliyekuahidi kwamba "amejaza". Itisha stakabadhi ya kila mwezi na uichape. Tena msinieleze habari za ule msamaha wa adhabu na riba: ulihusu madeni ya hadi Disemba 31, 2023, na ulikwisha Juni 30, 2025.

Hatua ya 7. Taarifa za benki za miezi 12. Karo yote ipite katika akaunti moja ya shule, hata ile inayoletwa na mzazi ikiwa noti mkononi. Ipokee, mwandikie risiti, uipeleke benki siku hiyo hiyo. Pesa iliyolipia mahindi na maharagwe moja kwa moja kutoka kwenye droo ya mwalimu mkuu haijulikani na benki, na mbele ya afisa wa mikopo ni kana kwamba mtoto huyo hakuwahi kulipa.

Hatua ya 8. Barua ya ukurasa mmoja inayosema unataka kiasi gani, cha nini, na utalipa kutokana na nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkurugenzi, Naivasha: Asante kwa somo. Naomba fomu ya bilioni 7.

Jibu: Mheshimiwa, hakuna fomu. Soma aya ya pili na ya tatu.

Mama Shule, Kondele: Mwalimu, shukrani sana. Mimi nilisajili shule kama jina la biashara, si kampuni. Katika hatua ya 5 umesema majina yalingane, lakini PIN ya KRA (nambari ya mlipa ushuru) ninayoitumia ni yangu mwenyewe na ina jina langu, si la shule. Je, hilo ni kosa?

Jibu: Mama, hilo ni swali nililolisahau, na umefanya vizuri kuliuliza. Si kosa. Jina la biashara la mtu mmoja halina PIN yake peke yake. Hutumia PIN ya mwenyewe, na wajibu wa PAYE huongezwa katika PIN hiyo hiyo. Kwa hiyo ambatisha cheti cha jina la biashara, ambacho kinaonyesha kwamba jina la shule na jina lako ni mtu mmoja, na benki itaelewa. Lakini fahamu mambo mawili. La kwanza, mkopo huo ni wako wewe binafsi: shule ikianguka, deni linakufuata hadi nyumbani. La pili, kama una mkopo wako mwingine wa simu ambao hukuulipa, umeandikwa katika rekodi zile zile ambazo shule itapimwa nazo. Ukitaka kuhamia kampuni, fanya hivyo wakati huna haraka, kwa kuwa kampuni hupata PIN mpya, nawe utalazimika kuhamisha akaunti, kibali na hata jina la mmiliki katika cheti cha usajili wa shule.

Mwenye Shule, Rhonda: Unawatisha watu bure. Mimi sijawahi kuwasilisha hayo marejesho ya sufuri na hakuna aliyeniuliza.

Jibu: Hata mimi hakuna aliyeniuliza hadi siku nilipotaka pesa.

Mwenye Shule, Rhonda: Lakini serikali yenyewe ndiyo iliyofunga shule. Itatozaje adhabu?

Jibu: Ndugu, uchungu huo ninao tangu 2021 na sijaona iTax ikiuhurumia. Ingia katika akaunti yako leo, tazama orodha ya adhabu, kisha urudi hapa tubishane.

Mwalimu Mkuu, Webuye: Ardhi ya shule ina hati miliki ya marehemu baba mkwe. Sisi ndio tunaoishi hapo na familia haina ugomvi. Je, benki itaikubali kama dhamana?

Jibu: Haitaikubali, hata familia yote ikija benki kuimba pamoja. Marehemu hawezi kutia sahihi. Anzeni kesi ya urithi mahakamani ili jina lihame. Huchukua muda, kwa hiyo msingoje. Kwa sasa benki nyingine hupokea kitabu cha umiliki cha basi la shule, au hutazama mtiririko wa karo katika akaunti ikiwa mkopo ni mdogo. Hapo ndipo hatua ya 7 inapokuokoa.

Mwalimu wa Historia, Kakamega: Nimesoma kwamba Marekani serikali ilizipa shule za kibinafsi pesa za bure wakati wa Korona. Je, ni kweli, na kwa nini sisi tukaambiwa tukope?

Jibu: Sehemu ya kwanza naweza kukujibu. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2.75 katika sheria ya Disemba 2020, na nyingine bilioni 2.75 katika sheria ya Machi 2021, kwa shule zisizo za umma. Lakini shule haikutumiwa hundi ili itumie ipendavyo. Fedha zilipitia kwa magavana na idara za elimu za majimbo, na mamlaka ya umma ndiyo iliyobaki na udhibiti wake: shule iliomba barakoa, vifaa vya usafi, vya kuingiza hewa madarasani, au masomo ya kufidia yaliyopotea, ikaletewa. Katika fungu la kwanza iliwezekana kurudishiwa baadhi ya gharama zilizokwisha kulipwa. Katika fungu la pili hilo liliondolewa, na msaada ukaelekezwa kwa shule zenye wanafunzi wengi wa familia maskini. Tena kulikuwa na mkopo wa biashara ndogo, ulioitwa PPP, uliofutwa ikiwa angalau asilimia 60 yake ilitumika kulipa mishahara, na shule iliyoomba msaada ule wa majimbo haikuruhusiwa kuchukua mkopo huo mpya pia. Kwa hiyo nako kulikuwa na karatasi, na kulikuwa na kuchagua mlango. Sehemu ya pili ya swali lako, Mwalimu, iulize bungeni. Kwa maoni yangu mkopo unaofutika ukilipa walimu ungetufaa kuliko wowote tulioahidiwa.

Mkurugenzi, Naivasha: Samahani, cheti cha ulipaji ushuru hudumu muda gani?

Jibu: Hatua ya 6.

Mhasibu mwenzako, Njoro: Ningependa kuongeza jambo, kwa ruhusa yako. Watu husaini mkopo wa kulipa kila mwezi, halafu Aprili, Agosti na Disemba wanahangaika kwa kuwa hakuna karo. Sisi tuliomba tangu mwanzo kulipa kwa mihula mitatu, na benki ikakubali.

Jibu: Mwenzangu, hilo lina thamani kuliko hatua zangu nne za kwanza. Liombeni kabla ya kutia sahihi, kwa maandishi, na mfikie benki mkiwa na jedwali linaloonyesha karo huingia wiki zipi. Katika akaunti yetu sehemu kubwa huingia wiki tatu za kwanza za muhula, na taarifa za benki ndizo zilizotuthibitishia hivyo kuliko maneno yetu.

Mama Shule, Kondele: Na wale wazazi waliobaki na deni la karo tangu 2020, je, niwaandike katika faili kama pesa ninazodai?

Jibu: Waandike, Mama, lakini katika karatasi tofauti na kwa miaka. Deni la muhula uliopita afisa atalihesabu kwa kiasi fulani. La 2020 atalifuta kwa kalamu.

Mwenye Shule, Rhonda: Nimeingia. Ni miezi 14.

Jibu: Pole sana, ndugu. Wasilisha yote yaliyobaki leo hii kabla ya tarehe 9 ili usiongeze wa 15, kisha uombe kulipa kwa mafungu. Kesho asubuhi niko Huduma Centre Nakuru kwa shughuli nyingine; ukija na orodha hiyo imechapwa, tutaipitia pamoja.