Kukokotoa jinsi ioni ya metali inavyoshika pete ya benzini

Anza na ioni ya sodiamu juu ya benzini. Atomi ni 13 tu, kompyuta ya kawaida inazimudu, na vipimo vya maabara vipo vya kukusahihisha: nishati ya mshiko, yaani inayohitajika kuitenganisha ioni na benzini, ni karibu kilojuli 93 kwa moli. Lithiamu ni karibu 161, potasiamu 73. Ukishindwa kuzikaribia namba hizi, usiende kwenye molekuli kubwa. Mimi natumia ORCA, programu ya kukokotoa molekuli.

Hatua ya 1. Boresha umbo la benzini peke yake, yaani tafuta umbo lenye nishati ndogo kabisa.

Hatua ya 2. Weka sodiamu juu ya kitovu cha pete, angstromu 2.4 hivi. Elektroni za pai zimetanda juu na chini ya pete, na huko ndiko ioni chanya inakovutwa. Ubavuni, penye hidrojeni, inasukumwa. Fanya pia jaribio la pili ukianza na ioni iliyosogea pembeni kidogo, uone kama inarudi katikati.

Hatua ya 3. Andika faili:

! wB97X-D3 def2-TZVPP TightSCF Opt Freq
* xyzfile 1 1 mfumo.xyz

Katika mstari wa kwanza, wB97X-D3 ni mbinu ya kukokotoa elektroni, na def2-TZVPP ni seti ya besi, yaani funksheni za hisabati zinazojenga mawimbi ya elektroni. Katika mstari wa pili, namba ya kwanza ni chaji, ya pili ni spini (elektroni zisizo na jozi, jumlisha moja). B3LYP, mbinu nyingine maarufu, ikiwa tupu haina nguvu za London, ule mvuto dhaifu kati ya mawingu ya elektroni. Kwa sodiamu hasara ni ndogo, ila kwa metali nzito juu ya koronini (molekuli bapa ya pete saba za benzini) utaijutia.

Hatua ya 4. Kagua masafa ya mitetemo. Ukiona hata moja hasi, hujafika bondeni, penye nishati ndogo kabisa; sogeza atomi kufuata mtetemo huo, urudie.

Hatua ya 5. Toa nishati ya benzini na ya ioni kutoka ile ya mfumo mzima, zote kwa mbinu ileile na seti ileile ya besi. Ongeza tofauti ya nishati ya nukta sifuri (ya mitetemo isiyokoma hata kwenye baridi kabisa), kisha zidisha hatri, kipimo cha nishati cha ORCA, kwa 2625.5 upate kilojuli kwa moli. Hapa kuna mtego: ndani ya mfumo, benzini huazima besi za sodiamu, na mshiko unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Boys na Bernardi walitoa dawa yake mwaka 1970: kokotoa kila kipande huku besi za mwenzake zikiwepo bila atomi yenyewe.

Hatua ya 6. Sasa metali za mpito, na hapa ndipo kazi ilipo. Kwa ioni ya chuma yenye chaji +1, jaribu spini 2, 4 na 6, zote. Ioni ikiwa peke yake hutulia kwenye 6. Ikikaa juu ya benzini hushuka hadi 4. B3LYP huikosea ioni tupu, ikiiweka 4 chini ya 6, na kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye jibu lako. Napendelea kupima mshiko dhidi ya ioni ya spini 4, kisha kupunguza kilojuli 24, ambazo ndizo pengo la spini hizo mbili kwa vipimo.